TAARIFA KWA WANACHAMA: MAJINA YALIYO KWENYE SIMU SI DHAMANA YA MKOPO



Tunaomba msome taarifa hii mpaka mwisho kabla ya kuisambaza. Ni ndefu kuliko matangazo yetu ya kawaida, lakini jambo lenyewe limeingia ndani ya tawi letu na limetutoa mwenzetu mmoja.

Wiki tatu zilizopita, zaidi ya nusu yetu tulipokea ujumbe kutoka namba tusizozijua. Ulimtaja dada yetu mmoja, mwanachama hai wa tawi hili, kwa majina yake yote matatu. Ulisema ni tapeli, amekopa na kukimbia, na kwamba sisi tuliopokea ni wadhamini wake. Wengine walitumiwa na picha yake. Mwenyekiti wa kikoba chake alipigiwa simu mara sita kwa siku moja. Mama mkwe wake, huko Itilima, alipigiwa usiku wa manane.

Deni lenyewe ni hili: aliomba Sh 80,000 anunue nyanya za kuuza sokoni Bariadi. Zilizoingia kwenye simu zilikuwa Sh 56,000, zilizobaki zikaitwa ada. Akatakiwa arudishe 80,000 kamili ndani ya siku saba. Siku ya sita, kabla tarehe haijafika, matusi yakaanza.

Na sisi tulifanya nini? Tuseme ukweli. Baadhi yetu tuliurusha ujumbe ule kwenye kundi la tawi. Wengine tukaweka vikatuni vya kucheka. Mmoja akaandika, "Alikopa mwenyewe, alipe mwenyewe." Saa mbili baadaye dada yetu akajitoa kwenye kundi. Hajafika kikaoni tangu siku hiyo.

Kamati ya tawi imekaa na kulijadili. Msimamo wetu ni kwamba mkosaji mkubwa hapa si dada yetu. Ni yule aliyechukua majina yetu bila kutuuliza. Wa pili ni sisi, tuliomsaidia kazi yake bure.

*ALIYEBOFYA NI MMOJA, WALIOCHUKULIWA NI WENGI*

Wanaomlaumu wanasema alibofya "kubali". Ni kweli, alibofya kwenye simu yake. Lakini namba zetu nani alizibofyia?

Programu hizi za mikopo ukiziweka kwenye simu zinaomba ruhusa: kuona majina, kusoma meseji, kufungua picha, kujua mahali ulipo. Ukikataa, mkopo hautoki. Ukikubali, orodha yako yote ya majina inahamia kwenye mashine zao. Ndani yake yumo hata babu wa Nkololo mwenye kitochi, ambaye hajawahi kugusa intaneti maishani mwake. Huyo hakukopa, hakubofya, hakuulizwa. Naye ameshaandikwa.

Tena angalieni tunavyohifadhi majina. "Mama Mkwe." "Bosi." "Mchungaji." "Nesi Kliniki." "Mwalimu wa Mtoto." Tunaandika undugu, kazi, imani na afya bila kujua kwamba tunaandika. Anayeisoma orodha hiyo hahitaji mpelelezi. Anaona mara moja nani akiambiwa, mdaiwa ataumia zaidi. Akisoma na meseji za miamala, anajua mshahara unaingia lini, pamba imelipwa lini, mume aliyeko Mwanza anatuma shilingi ngapi. Kimoja kimoja ni vitu vidogo. Vikikusanywa vya watu maelfu, vinakuwa mali ya kuuza na rungu la kutupigia.

Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema asiye na cha kuficha hana cha kuogopa. Dada yetu hakuficha uhalifu. Alisitiri shida yake, kama kila mtu mwenye heshima anavyofanya. Kwetu deni huzungumzwa kati ya wawili, likishindikana anaitwa mtu mzima wa tatu. Halipigiwi ngoma.

Hatusemi deni lisilipwe. Deni hulipwa. Tunasema kudai pesa ni kitu kimoja, na kumvua mtu nguo mbele ya ukoo wake ni kitu kingine.

*SHERIA IPO, TUNATAKA MENO YAKE*

Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Agosti mwaka huohuo Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa mtandaoni, na mwezi Novemba ikatangaza orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni.

Tunapongeza. Lakini tangazo si kufuli. Programu ikitajwa kwa jina moja, kesho inaweza kurudi kwa jina lingine. Google ilizuia programu za mikopo kwenye duka lake kugusa majina na picha za watu tangu tarehe 31 Mei 2023. Sasa wakopeshaji wanatuma kiungo moja kwa moja kwenye meseji, nje ya duka.

Majirani zetu wametuonyesha kwamba inawezekana. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya Sh 2,975,000 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine kutuma vitisho. Alitajwa kwa jina, akatozwa. Nasi tunataka tusikie jina na faini, siyo onyo tu.

Kuna na hili la laini. Mwaka 2019 tulipanga foleni tusajili laini kwa alama za vidole. Watu wa vijijini walilala mjini wakisubiri namba za NIDA. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba 2019, ikasogezwa hadi 20 Januari 2020. Tuliambiwa utapeli utakomeshwa. Tukatoa vidole vyetu. Leo bado tunatumiwa "ile hela itume kwenye namba hii". Kila laini iliyomtukana dada yetu imesajiliwa kwa kidole cha mtu. Tunauliza: kama kidole cha mkulima wa Ngulyati kinajulikana, kidole cha anayetukana kinashindikanaje kujulikana?

*KWA NINI WATU WANAKIMBILIA HUKO*

Hakuna anayependa kausha damu. Simiyu ni mkoa wa pamba, na pamba huleta fedha msimu mmoja kwa mwaka. Katikati hapo kuna ada, kuna matibabu, kuna palizi. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejea mwaka uliofuata. Ni ya vikundi, ina fomu na vikao. Programu ya simu inatoa majibu kwa dakika tano. Anayetaka watu waache moto wa simu awasogezee maji karibu. Madiwani wetu walichukue hili na kulipeleka kwenye baraza.

*NA SISI TUJISAFISHE*

Ndugu wanachama, hatuwezi kunyoosha kidole kimoja tukasahau vitatu vinavyotuelekea. Wakati wa uhakiki wa wanachama, kamati hii iliweka kwenye kundi orodha yenye jina, simu, namba ya NIDA na namba ya kadi ya mpiga kura ya kila mmoja wenu, ili kila mtu ahakiki jina lake. Kundi lina watu zaidi ya mia mbili, wengine hatuwafahamu vizuri. Orodha ile ilikaa mle miezi minne. Hatujui imefika wapi. Tulifanya kwa urahisi, na tulikosea. Tunaomba radhi.

Kwa hiyo tumeazimia:

1. Orodha imefutwa. Kuanzia sasa daftari la wanachama ni la karatasi, linakaa kwa katibu kwa kufuli. Namba ya NIDA au ya kadi ya mpiga kura haitaandikwa kwenye kundi lolote la tawi. Akija mtu kukusanya namba hizo kwa jina la chama, muulize ametumwa na nani na za kazi gani. Asipojibu, usimpe.

2. Kila aliyesambaza au kuucheka ujumbe ule afute, na amtafute dada yetu amwombe radhi ana kwa ana. Mwenyekiti na katibu wameshaanza, walikwenda nyumbani kwake Jumapili.

3. Ukipokea ujumbe wa kumdhalilisha mdaiwa, usiusambaze. Upige picha, hifadhi namba na tarehe, umletee katibu. Tunakusanya ushahidi tupeleke malalamiko kwenye Tume kwa niaba ya wote tuliotumiwa, maana taarifa zetu nazo zimechukuliwa. Ujumbe wa utapeli utume pia kwenda 15040.

4. Jumamosi, baada ya kikao, vijana wetu watakaa na kila mwenye simu janja wamwonyeshe programu gani inasoma majina na picha zake, na namna ya kuizuia. Piga *106# uone kama kuna laini uliyosajiliwa bila kujua.

5. Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Mkopo unaotaka majina ya simu yako, ukimbie.

6. Tunaitaka Tume ifike Simiyu kwenye magulio, Lamadi, Dutwa na Malampaka, iseme na watu kwa Kiswahili cha kawaida. Haki isiyofika gulioni haijatufikia.

Wazee wetu walipovamiwa usiku walipiga mwano, na kila aliyesikia alitoka. Hakuna aliyebaki kitandani akimcheka aliyeibiwa ng'ombe. Safari hii mwizi hakuvunja boma. Aliingilia simu ya mmoja wetu na kuondoka na majina ya wote. Mwano umepigwa, tutoke.

Dada yetu, kama taarifa hii itakufikia: kiti chako kipo palepale.

Imetolewa na Kamati ya Tawi,
Bariadi.

Isambazwe kwa wanachama bila kuongeza wala kupunguza neno.