Mfuata Nyuki Hakosi Asali

Wapo wapenzi wa lugha wanaoona haya kukiri kwamba waliupenda mchezo wa runinga kwa ajili ya mwigizaji mmoja tu. Mimi sioni haya. Nilianza kumpenda Steven Kanumba katika banda la video pale Katesh, chini ya Mlima Hanang. Kwa kumfuata yeye, nikaitafuta michezo ya zamani ya Kaole Sanaa Group iliyorushwa na ITV, alimopitia kabla ya kuvuma katika filamu.

Nilikwenda kumtazama Kanumba, nikabaki kuwasikiliza wenzake: vijembe, mafumbo, ukali uliofunikwa kwa adabu. Sisi wa Mbulu wengi tumelelewa kwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi. Kiswahili tulikikuta darasani, kimenyooka kama rula. Kaole ndiyo iliyonionyesha kwamba kinapinda, kinachoma, kinabembeleza. Na Kanumba mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Shinyanga, si wa pwani.

Alifariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Malenga wenzangu, tusimcheke kijana anayemwandama mwigizaji. Tumuulize amerudi na neno gani.