Kisu cha Ndugu

Nawapinga wale wa kidato cha nne wanaodai ati Gege, katika tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), alipofushwa na mapenzi. Mapenzi gani hayo! Mtemi Bokono alikuwa na askari na jela, lakini mateso hayakumnyamazisha Mwelusi. Ndipo Gege akaahidiwa kumwoa Alida, binti Mtemi, akamchoma kisu nduguye wa toka nitoke. Kwa nini akatumwa ndugu? Askari utamkimbia, bwana. Ndugu unampa mgongo.

Sasa tuje hapa kwetu Nairobi. Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Wangari Maathai, waliketi Uhuru Park bila kula, wakidai wana wao. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa rungu na gesi ya machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Kisha wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa humo hadi 1993, wengi wa wana hao walipofunguliwa. Hebu niambieni, mama kama huyo serikali ingemwahidi Alida gani?

Kukiwa na msako Dandora, sisi vijana hutawanyika, kila mtu na lake. Wapo hata wanaotaja majina ya wenzao ili waachiliwe. Alfajiri utamkuta mama kituoni na chupa ya chai. Kidato cha nne wanijibu basi: sisi tumemzidi Gege kwa lipi?