Mtoto anaugua kila mwezi? Usimlaumu meno, tumbo lake halijapona

Wacha nianze kwa kukiri kosa. Kwa karibu mwaka mzima, kila mpwa wangu alipoanza kuendesha, mimi ndiye nilikuwa natumwa kununua dawa. Si hospitalini, dukani. Nafika, nasema "mtoto anaendesha", muuzaji anakata vidonge vinne vya antibiotiki kutoka kwa karatasi, haulizi umri wala uzito, nalipa, narudi Napetet nikijiona mjomba wa maana. Dada yangu anavunja kidonge nusu, anakisaga kwa kijiko, anamnywesha. Siku tatu baadaye mtoto ametulia. Wiki tatu baadaye tumerudi palepale. Mara ni kuhara, mara kikohozi, mara homa tu ambayo hata haina jina.

Nyumbani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Nyanya alisema ni meno yanaota. Jirani alisema kuna mtu ana jicho baya. Mimi, msomi wa familia niliyeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kugoma, nilisema ni vumbi la Lodwar. Hakuna aliyefikiria kwamba magonjwa yote hayo huenda yalikuwa na mlango mmoja.

Aliyetufungua macho ni muuguzi mmoja. Alimzungushia mtoto ule utepe wa kupima mkono, ukasoma njano. Ukiwa hujui, kijani ni salama, njano ni hatari inakuja, nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni dharura. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Kati ya ugonjwa mmoja na mwingine, huyu mtoto hula nini, na hunywa maji ya wapi?" Dada alinyamaza. Mimi pia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma hii mambo, nikiuliza wanaojua kila ninapoweza. Mimi si daktari. Lakini nimefikia msimamo, na ndio nataka kukuachia leo: mtoto anayeugua kila mwezi mara nyingi haugui magonjwa kumi tofauti. Anazunguka kwenye duara moja, na kitovu cha duara hilo ni tumbo.

Sikiza vile inaenda. Ndani ya utumbo kuna vinyuzi vidogo sana, kama manyoya ya zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Mtoto akihara, vinaumia. Akipewa nafasi, chakula na maji safi, vinaota tena. Lakini mtoto anayetambaa mahali mbuzi wamelala, anayekunywa maji ya kisima cha mchanga kule kwa lagga, anameza vijidudu kila siku. Utumbo unabaki umevimba hata siku ambazo hahari. Chakula kinapita bila kufyonzwa vizuri. Ukuta unavuja, mwili unatumia nguvu zake kupigana badala ya kukua. Mtoto anakonda, kinga inashuka, nimonia inampata kirahisi, anakosa hamu ya kula, na tumbo linaharibika zaidi. Duara limefunga.

Halafu kuna wale wapangaji wa humo ndani, bakteria wazuri. Mwaka 2014 timu ya Jeffrey Gordon wa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis ilichapisha utafiti kuhusu watoto wa Bangladesh wenye utapiamlo mkali. Waligundua kwamba jamii ya bakteria tumboni mwao ilikuwa changa kuliko umri wa watoto wenyewe. Yaani mtoto ana mwaka na nusu, lakini tumbo lake bado ni la mtoto mchanga. Na wakishalishwa chakula cha tiba, tumbo lilikomaa kidogo, kisha baada ya miezi kadhaa likarudi nyuma. Kama umewahi kuona mtoto anatolewa kwenye mpango wa lishe akiwa amenona halafu anarudishwa baada ya miezi michache, usikimbilie kusema mama aliuza ile pakiti. Huenda tumbo halikuwa limemaliza kupona.

Sasa rudi kwa vile vidonge vyangu vinne. Antibiotiki haina macho. Inaua adui na mpangaji mzuri pamoja. Kuhara kwingi kwa watoto kunatokana na virusi, na kwa virusi dawa hiyo ni kazi bure. Huku kwetu Kenya, watafiti walichukua watoto kama 1,400 waliokuwa wanaruhusiwa kutoka hospitali za Kisii na Homa Bay. Kundi moja likapewa antibiotiki siku tano, lingine dawa bandia. Walitaka kujua kama hiyo itazuia watoto kulazwa tena au kufa ndani ya miezi sita. Haikuzuia. Kama dozi kamili, iliyopimwa na wataalamu, haikuvunja duara, nusu kidonge changu kingefanya nini?

Usinielewe vibaya. Mtoto akihara damu, akiwa na kipindupindu au nimonia, daktari anaweza kumwandikia antibiotiki na ikamwokoa. Neno muhimu hapo ni daktari. Si mjomba, si muuzaji.

Panda gari sasa twende Kakuma, kilomita kama 120 kutoka Lodwar, kwa sababu kule kuna somo ambalo tumelisahau. Mwaka 2005 kipindupindu kiliingia kambini na watu zaidi ya 400 wakatibiwa. Wachunguzi walipolinganisha walioumwa na wasioumwa, walipata kwamba nyumba zilizoweka maji ya kunywa kwenye chombo chenye kifuniko zilikuwa salama zaidi. Na wale waliokuwa wakichangia choo kimoja na familia tatu au zaidi walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Kifuniko tu! Kitu ambacho kwenye mitungi mingi ya mtaani kwetu kilipotea kitambo na hakuna aliyekitafuta.

Lakini hapa ndipo natofautiana na wale wanaokuja na magari makubwa kutufundisha kunawa mikono halafu wanaondoka na picha. Kati ya Bungoma, Kakamega na Vihiga kulifanyika utafiti mkubwa, matokeo yakatoka 2018. Familia zilipewa dawa ya kutibu maji, vyoo vilivyoboreshwa na vifaa vya kunawia mikono. Unajua nini? Kuhara hakukupungua, na mambo hayo peke yake hayakuwafanya watoto wakue zaidi. Waliopata nyongeza ya lishe ndio walikua vizuri kidogo. Haimaanishi usafi ni bure. Maana yake, jinsi ninavyoisoma mimi, ni kwamba mazingira yakiwa na uchafu kiasi hicho, sabuni ya mama mmoja haitoshi. Inahitajika maji safi ya kutosha yanayofika nyumbani na chakula cha kutosha kwenye sufuria. Vyote viwili, kwa wakati mmoja.

Ndio maana nakasirika nikisikia mama wa Kakuma au Kanamkemer akiitwa mchafu. Mama anayebeba mtungi mmoja wa lita 20 kwa familia nzima hawezi kunawa mikono mara kumi kwa siku. Si ujinga, ni hesabu. Na mwaka 2025 mgao wa chakula Kakuma ukapunguzwa mpaka watu wakaandamana. Ule mgao tunaongea kama ni siasa ya wakimbizi, ni tumbo la mtoto fulani ambalo halikupata kitu cha kujijenga nacho baada ya kuhara. Na vijidudu havijui nani ni mkimbizi na nani ni mwenyeji. Tarach ni mto mmoja.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa ukiwa na mtoto nyumbani, au mpwa, au mdogo wako, fanya nini?

Akianza kuendesha, mpe maji ya ORS na zinki. Zinki inaendelea siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumeisha siku ya tatu. Hapo ndipo wengi wetu tunakosea, tunaacha mapema. Ukikosa ORS usiku, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na mdomo wa kijiko, visirundikane. Onja, yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Usimnyime chakula. Ile imani ya "pumzisha tumbo" inamuumiza. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula kidogo kidogo. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi. Huo ndio wakati wa kukarabati.

Aliye chini ya miezi sita, maziwa ya mama tu. Hata maji hapana, hata na hili jua letu. Maziwa ya mama yana sukari fulani ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Ni chakula cha bakteria wazuri. Mwenyezi Mungu aliwapangia wapangaji mlo wao.

Ngakibuk, yale maziwa yetu ya mala, si ushamba. Mtoto aliyevuka mwaka anaweza kufaidika nayo. Ila maziwa yachemshwe kwanza ndipo yagandishwe, kwa sababu mabichi yanaweza kubeba bruselosi, na kuganda peke yake si dhamana.

Na tafadhali, mtu akikuambia mtoto ana "meno ya plastiki" na yanafaa kung'olewa, chukua mtoto wako uondoke. Hakuna ugonjwa kama huo. Ni ufizi wa kawaida, na hicho kisu kinaweza kumletea maambukizi mabaya. Akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakiingia ndani, akihara damu au akipata degedege, hiyo si ya nyumbani. Tafuta nduthi, nenda hospitali.

Hayo ni yetu. Yapo ambayo si yetu. Mwaka 2013 tulitangaziwa kwamba chini ya Lotikipi kuna maji ya kukata kiu ya nchi nzima. Tulisherehekea. Baadaye vipimo vikaonyesha ni ya chumvi, na stori ikazimwa kimyakimya. Dada yangu bado ananunua maji kwa mtungi. 2027 watakuja tena na tisheti na muziki wa sauti ya juu. Usimuulize mgombea atakupa kazi gani. Muulize ni nyumba ngapi za wadi yako zitakuwa na mfereji, na maji yatapimwa na nani, mara ngapi kwa mwaka. Asipojua jibu, hajafikiria juu ya mtoto wako.

Mpwa wangu sasa ana miaka miwili na kidogo. Wiki iliyopita utepe ulisoma kijani, lakini kwa nywele tu. Mwezi huu ameumwa mara moja, si mara tatu. Siwezi kusema tumeshinda, maana mvua zikinyesha na Turkwel ikijaa tutajua. Ila mtungi wetu una kifuniko, pakiti za zinki ziko juu ya kabati, na mimi nimestaafu ile kazi ya kutumwa vidonge.