Tuanze na Karatasi
Mkulima wa Ifakara anahesabu magunia ya mpunga ghalani. Amefika 37, mara anaitwa mlangoni ahesabu kuku 5. Asipoiandika ile 37 kabla ya kuondoka, atarudi na 5 kichwani na gunia lifuatalo ataliita la 6.

Ndivyo ilivyo kwa prosesa ya Z80, iliyotolewa na Zilog mwaka 1976 na kutiwa katika vikokotoo vya kuchora grafu kama TI-83 Plus. Kazi yake inapokatizwa, huhifadhi anwani ya kurejea tu. Anayeandika kwa lugha ya asembli utaratibu wa kushughulikia ukatizaji huo hana budi kuzihifadhi rejista mwenyewe. Akisahau, hesabu mara huharibika, mara hutoka sahihi, kwa kuwa ukatizaji huweza kuangukia amri yoyote ya programu. Wanafunzi huilaumu betri!

Kwa maoni yangu, walimu wa Bonde la Kilombero wasianze na kikokotoo, bali karatasi. Wanafunzi wachore jedwali la rejista na kuifuata programu amri kwa amri. Mmoja wao apige makofi ghafla, na wenzake waandike yaliyomo kabla na baada. Hata darasa lisilo na kikokotoo laliweza zoezi hili. Makofi yapigwe hasa kati ya amri ya kulinganisha na ile ya kuruka, kwani hapo rejista F, itunzayo matokeo ya ulinganishaji, husahauliwa na wengi.