Ulinzi wa Kislavu Si Woga

Kuna tusi katika sataranji linalotamkwa kama sifa: "Wewe unacheza salama." Naambiwa hivyo kila ninaposhika kete nyeusi, Weupe wakafungua kwa d4 na kufuatisha c4, nami nikajibu d5 na c6. Wenzangu wa rika langu hutabasamu. Kwao huo ni ufunguzi wa wazee wastaafu.

Wao wanataka Gambiti ya Englund. Weupe d4, Weusi e5, askari wa bure. Mtego wenyewe ni huu: malkia anapitia e7, anatoa sheki b4, anakula b2, na Weupe wakimrudisha askofu c3 ili kumshambulia, wamekwisha. Hatua chache baadaye malkia yuko c1 na mfalme hana pa kukimbilia. Video ya dakika moja inatosha kuufundisha. Isichosema ni kwamba Weupe wakitoa farasi c3 badala ya askofu, mtego wote unakufa, na malkia wa Weusi anabaki akizurura kwa maadui huku kete zake nyingi zimelala nyumbani. Mimi hiyo naiita kamari, tena kamari inayomdharau aliyeketi mbele yako.

Sasa tazama c6. Askari huyu mmoja anamwegemeza mwenzake wa d5. Wengi huifanya kazi hiyo kwa e6, lakini e6 inamfungia askofu wa c8 ndani kama mtoto aliyeadhibiwa. Kislavu kinamwachia mlango wazi. Bei ipo, sikatai: c6 ndipo farasi wa b8 angependa kukaa, na ukija kusukuma c5 baadaye utakuwa umetumia hatua mbili kwa safari ya moja. Kisha inakuja sehemu ninayoipenda kuliko zote. Farasi wa f6 akishatoka, na wale wawili wa Weupe pia, Weusi wanakula c4. Weupe kwa kawaida hucheza a4 ili kuizuia b5, na hapo mraba wa b4 unakosa askari wa kuulinda. Askofu mmoja wa Weusi anatoka f5, e6 inafuata, wa pili anakwenda kukaa b4. Hakuna kilichofichwa. Mpinzani anaona kila kitu, na bado ana kazi ya kufanya.

Watasema: sare. Weupe wakibadilishana askari d5 mapema, ubao unakuwa kama kioo na wote wanakwenda kunywa chai. Hutokea, na huchosha. Lakini Bonn, mwaka 2008, Viswanathan Anand alitetea ubingwa wa dunia kwa kumpiga Vladimir Kramnik mchezo wa 3 na wa 5 akiwa na kete nyeusi, mara zote mbili kwa Nusu-Slavu, ndugu wa damu wa ufunguzi huu, wenye c6 na e6 pamoja. Nani alimwita mwoga?

Kinachoniuma ni wanafunzi wa sekondari ninaowafundisha Jumamosi. Wanajua mitego mitatu. Ikitegulika kwenye hatua ya 6, wanautazama ubao kama barua iliyoandikwa kwa lugha ngeni. Juzi nimewapa c6, bila video. Mmoja akauliza tutaanza kushinda lini. Nikamwambia kwanza tumtafutie kazi farasi wa b8.