Gari Inakunywa, Abiria Analipa

Kila mara bei ya esansi inapopanda hapa Beni, mambo ni yale yale. Asubuhi bei ya kwenda Butembo inakuwa nyingine, abiria wanalalamika, na shofere anajibu kwa neno moja tu: esansi. Basi watu wananyamaza, wanatoa pesa, wanaingia. Hakuna anayeuliza swali la pili. Mimi nataka kuliuliza leo: esansi kiasi gani? Hii gari mnayopanga ndani watu sita, inakunywa lita ngapi kwenda na kurudi?

Nimewauliza mashofere wengi swali hilo kwenye parkingi. Wanajibu kwa franka, hawajibu kwa lita. Wanajua pesa waliyotia jana, hawajui gari ilifanya kilomita ngapi nayo. Na ukizidi kuuliza, utaambiwa: "Gari ni mzee, lazima inywe."

Hapo ndipo sikubaliani nao. Corolla ya miaka ya 90 iliyofika huku kutoka Japani kupitia bandari za Mombasa au Dar es Salaam haikutengenezwa ili inywe kama lori. Uzee unaongeza kidogo, ndiyo. Lakini gari inayokunywa sana ni gari inayougua, na ugonjwa wake unaweza kutafutwa ukapatikana, mara nyingi kwa pesa ambayo si nyingi.

Sasa kwa nini hautafutwi? Tazameni namna kazi hii inavyoendeshwa. Mwenye gari anangoja verseman yake jioni. Esansi inatoka mfukoni mwa shofere, kwa hiyo gari ikinywa lita 8 au lita 13, mwenye gari hasikii maumivu yoyote. Shofere ndiye anayeumia, lakini gari si yake. Hawezi kufungua moteri bila ruhusa, na siku ambayo gari imelala garaji verseman bado inadaiwa. Basi wote wawili wanaachia mzigo ushuke kwa mtu wa tatu. Huyo ni mama aliyekimbia kutoka Eringeti au Mbau, anayepanda Butembo kutafuta jamaa wa kumpokea na watoto wanne. Ni mgonjwa anayetafuta hospitali. Hawa ndio wanaolipa esansi inayopotea njiani, na hawajui kwamba imepotea.

Kupima si jambo la fundi mkubwa. Jaza tanki mpaka juu kwenye stasioni, nenda Butembo, rudi, jaza tena kwenye pompi ile ile. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo gari imekunywa. Konteri ikiwa imekufa, na nyingi zimekufa, si neno: barabara yetu ni kilomita 54, kwenda na kurudi 108. Usipime kwenda peke yake, kwa sababu Butembo iko juu kuliko Beni na kupanda kunakunywa kuliko kushuka. Tuseme zimeingia lita 13. Ni kama lita 12 kwa kilomita 100. Kama gari hiyo hiyo ikitengenezwa inarudi kwenye lita 10 kwa safari, umeokoa lita 3. Kwa safari 26 za mwezi ni lita 78. Zidisha na bei ya lita ya leo, halafu uniambie kama kipande cha garaji ni ghali.

Kipande ninachotaka kukitaja kwanza ni termostati, kwa sababu naona hapa kwetu ndicho kinachoonewa zaidi. Ni kitu kidogo kinachoenea kwenye kiganja. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye radiateri mpaka moteri ipate moto wake wa kawaida, karibu digri 80 mpaka 90. Gari ikichemka siku moja kwenye mlima, fundi anaitoa, anaitupa, anasema sasa haitachemka tena. Na kweli haichemki. Lakini moteri sasa inatembea baridi, hasa asubuhi ya Butembo yenye ukungu. Kwenye gari ya injeksioni kuna kifaa kinachopima joto la maji na kuuambia ubongo wa gari: bado ni baridi, ongeza esansi. Basi inaongeza, kama vile gari imewashwa sasa hivi, kilomita baada ya kilomita. Dalili yake unaiona mwenyewe: mshale wa joto unalala chini safari nzima. Dawa ni kurudisha termostati na kutibu kilichochemsha gari siku ile, yaani radiateri iliyoziba kutu kwa sababu ya maji ya mtoni, kifuniko kilicholegea, au mpira unaovuja.

Freni nazo. Vumbi na matope ya njia yetu yanaingia ndani, pistoni inagoma kurudi, na gari inavuta freni huku shofere anakanyaga esansi. Mwisho wa safari, kabla hujasimama kwa nguvu, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na moto kuliko zingine, umepata mwizi. Inua kwa kriki, zungusha gurudumu kwa mkono. Lisipozunguka kwa urahisi, peleka kwa fundi. Mipira ni rahisi zaidi: pepo inayotakiwa imeandikwa kwenye kikaratasi cha mlango wa shofere. Mpira laini ni sawa na kusukuma gari kwenye mchanga.

Kuhusu buji, fungua moja utazame rangi. Kahawia kama kahawa yenye maziwa, ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu, moteri inapewa esansi kuliko inavyoweza kuunguza. Mara nyingi hapo taa ya moteri kwenye dashibodi ingekuwa inawaka, lakini kuna watu wameng'oa balbu yake ili abiria asiogope. Nyuma ya taa hiyo huenda ni sonda ya lambda, ile inayonusa moshi na kuuambia ubongo wa gari upunguze au uongeze. Ikifa, gari inapewa esansi kwa kukisia.

Na filtri ya hewa? Kila fundi atakuambia ubadilishe filtri kwanza. Ibadilishe, vumbi letu ni kali na linakula moteri. Lakini kwenye gari ya injeksioni filtri chafu inapunguza nguvu kuliko inavyoongeza kunywa. Ni kwenye gari za karbirateri ndipo esansi inapanda waziwazi. Usilipie filtri tatu huku termostati haipo.

Tuje kwa esansi yenyewe. Sehemu kubwa inaingia kupitia Kasindi, na barabara ile ikiwa na shida, stasioni zinakauka na makadafi wanatawala. Siwalaumu, wengi ni vijana waliokosa shamba kwa sababu ya vita. Lakini chupa inayoitwa lita si lita siku zote, na kuna bidoni zinazochanganywa na petroli ya taa au maji. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie: maji yanakaa chini. Petroli ya taa haionekani hivyo, ila moteri itagonga kwenye mlima na nguvu itapungua, na shofere atakanyaga zaidi. Neno moja kwa familia zinazokaa kwenye kambi na nyumba za kupokelewa: msikubali kutunziwa bidoni za esansi ndani mnamolala na mnamopikia, hata kwa usiku mmoja, hata kwa pesa.

Kuna "uchumi" mwingine ambao unanikasirisha kuliko yote. Kushuka kutoka Butembo, mashofere wengine wanatoa gari kwenye vitesi, wengine wanazima moteri kabisa, eti kuokoa esansi. Ndugu, gari ya injeksioni ikishuka ndani ya vitesi na mguu umetoka kwenye esansi, ubongo wake unakata esansi wenyewe. Haikunywi. Ukitoa vitesi, ndipo inaanza kunywa ili moteri isizime. Na ukizima moteri, freni inabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na usukani unakuwa mzito. Watu sita ndani, kona mbele, lori linapanda. Abiria akisikia moteri imekufa kwenye mteremko ana haki ya kusema: washa, au nishushe.

Ninachopendekeza ni hiki. Chama cha mashofere kikienda kwa wakubwa wa mji kuomba bei ipande, kiende na madaftari: lita na kilomita za mwezi mmoja, gari kumi hivi, si maneno. Wakubwa wa mji nao wayaombe kabla ya kusaini. Na wenye gari wakubali jambo moja: siku mbili kwa mwezi bila verseman, gari iende garaji, na vipande vinunuliwe na mwenye gari. Najua watasema siku mbili ni hasara. Wafanye hesabu ya freni na moteri iliyokufa mapema, waone.

Wako pia wale waliokimbia na gari moja tu, ambayo sasa ndiyo shamba lao na duka lao. Kwao mwenye gari na shofere ni mtu mmoja, na wanaweza kuanza kesho bila kungoja chama: daftari, kalamu, tanki iliyojaa mpaka juu, na kilomita 108.