TUSITOBOE KICHWA CHA BESI YETU



Mkutano mkuu unakaribia, na katika ajenda zake limo jambo ambalo limekwisha kuzungumzwa sana vilabuni na kisimani: gitaa la besi la bendi ya vijana wetu. Vijana wanaomba fedha kutoka mfuko wa ushirika ili besi yetu ya nyuzi nne igeuzwe iwe ya nyuzi tano. Fundi amepatikana mjini. Anasema ni kazi ya siku mbili tu: atoboe tundu moja kichwani, atie kigingi cha tano cha kukazia uzi, achonge na mfereji wa tano, basi, imekwisha. Sisi tunaoandika gazeti hili la ukutani tumelichukua gitaa, tumelipima kwa rula, na maoni yetu ni haya: fedha zitolewe, lakini tundu lisitobolewe.

Kwanza tuwatendee haki vijana. Hawaombi upuuzi. Wapo wazee wetu wanaosema eti nyuzi nne zilitosha enzi zao, kwa nini leo zisitoshe. Ni kweli kwamba besi ya nyuzi nne ndiyo iliyobeba dansi la nchi hii. Lakini hoja ya "enzi zetu" haimsaidii kijana anayesimama jukwaani usiku kucha. Uzi mnene kuliko wote katika besi yetu hulia E. Chini ya hapo hakuna kitu, ni ukuta. Sasa waimbaji wakiweka do kwenye D, au kwenye C, mpiga besi anaitafuta ile do nzito ya chini na haipo. Inambidi arukie ya juu. Pale pale wimbo unapotaka kutua, besi inapaa! Mliocheza harusi za mwaka huu mmesikia wenyewe, hata kama hamkujua jina la ugonjwa.

Uzi wa tano unaotakiwa hulia B, chini ya E. Unaongeza sauti tano mpya: E bemoli, D, D bemoli, C na B yenyewe. Kwa hiyo haja ipo. Ugomvi wetu ni juu ya njia.

Tuanze na shingo, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia. Pale shingo inapokutana na kichwa pana kile kipande cheupe chenye mifereji minne ya kupitisha nyuzi. Upana wake kwenye gitaa letu ni milimita 42. Acha milimita tatu kila upande ili uzi usiteleze nje ya shingo, unabaki na 36. Nyuzi nne zina nafasi tatu katikati yake, kwa hiyo kila nafasi ni milimita 12. Tia uzi wa tano, nafasi zinakuwa nne, na kila moja inabaki milimita 9. Tena huo uzi wa B si uzi mwembamba: unene wake ni karibu milimita tatu na robo. Mpiga besi wetu ni kijana wa jembe, vidole vyake mnavijua. Abonyeze uzi mmoja, atagusa na jirani yake.

Huku chini, kwenye daraja, ni hivyo hivyo. Sasa hivi uzi na uzi wameachana milimita 19, na mkono wa kulia umekwisha zoea. Zikiwa tano katika daraja lile lile zitabaki milimita 14 na kidogo. Ajifunze upya kupiga, au apige mbili mbili bila kupenda.

Halafu zile sumaku zinazonasa sauti. Katika besi ya namna yetu kila uzi una vichwa vyake viwili vya sumaku, umepita katikati yake. Ukizisogeza nyuzi ziwe tano, baadhi zitaangukia juu ya sumaku na nyingine pembeni. Moja itapiga kelele, nyingine itanong'ona. Ziko sumaku za namna nyingine, zenye bamba moja refu, ambazo hazichagui uzi upo wapi; lakini hizo ni za kununua, na fundi hakuzitia katika hesabu yake.

Na uzito? Nyuzi nne zikikazwa sawasawa, kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya kilo kama 75 hadi 80. Uzi wa B unaongeza kilo kama 15. Chukueni debe la mahindi, lipungueni kidogo, mlitundike kwenye kile kichwa usiku na mchana, mwaka mzima. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu cha kuizuia isipinde, nacho kinaweza kukazwa zaidi, lakini shingo yetu si ya jana. Na kichwani penyewe, ambako vigingi vinne vimejipanga upande mmoja, hakuna mbao ya kutosha kwa cha tano. Fundi anataka kukiweka upande wa pili. Tundu la kigingi cha besi hupita nusu inchi. Tumeitazama ile mbao ya upande wa pili. Jamani, ni nyembamba.

Hatusemi haiwezekani. Wapo mafundi waliofanya kazi hiyo ikakubali, hasa kwa shingo pana. Lakini tazameni walioanzisha mambo haya walifanyaje. Kampuni ya Fender ya Marekani, iliyoleta besi yake ya kwanza ya umeme mwaka 1951, ilitoa besi ya nyuzi tano mwaka 1965, na uzi ule wa tano ulikuwa mwembamba, wa upande wa juu, siyo wa chini, haikudumu sokoni. Waliotaka B ya chini walikuja baadaye. Mwaka 1975 fundi Carl Thompson alimtengenezea Anthony Jackson besi ya nyuzi sita, na mwaka 1976 kampuni ya Alembic ilimtengenezea Jimmy Johnson ya nyuzi tano. Watu hao hawakuchukua gitaa la nyuzi nne wakalitoboa. Walianza na shingo.

Ukifuata njia hiyo kwa gitaa letu, hesabu inakuwa hivi: shingo mpya pana, na lile shimo inapofungiwa shingo lichongwe upya kwa sababu la sasa ni jembamba, daraja jipya, sumaku mpya, vigingi. Mwisho wa yote kilichobaki cha zamani ni ule ubao wa mwilini na mkanda. Kwa bei hiyo ni heri kununua besi nyingine, na hii ikabaki nzima.

Basi tufanye nini? Ipo njia ambayo wapiga besi wengi wameitumia, nayo haihitaji keekee. Besi inabaki na nyuzi nne, ila nyuzi zinabadilishwa: badala ya E, A, D na G, unaweka B, E, A na D. Yaani unanunua seti ya nyuzi tano, ile nyembamba kabisa unaiweka akiba. Fundi atapanua kidogo ile mifereji minne ya kipande cheupe, ahakikishe uzi mnene unaingia katika kigingi na darajani, asogeze vipande vya daraja mpaka sauti zikae sawa shingo nzima, na akigeuze kidogo kile chuma cha ndani. Mvuto wenyewe hauzidi ule wa sasa, unapungua kidogo. Na tukijuta, kipande cheupe kipya ni kitu kidogo, nyuzi za zamani zinarudi, gitaa linakuwa kama lilivyokuwa. Tundu la kichwani halirudi.

Tusiwafiche vijana: njia hii ina hasara yake. Anapata sauti tano chini, anapoteza tano za juu kabisa. Yale madoido anayoyapiga huko mwisho wa shingo wakati wa kuchangamka, mengine atayaacha. Tena nyumba ya kila sauti inahama uzi mmoja, kwa hiyo wiki za kwanza atakosea na tumvumilie. Sisi tumehesabu katika nyimbo za bendi yetu, hizo za juu anazigusa mara chache. Hizo za chini anazihitaji karibu kila wimbo.

Asiyetaka hata hilo, ipo njia ya bure kabisa. Alegeze uzi wa E mpaka ulie D. Ni sauti mbili tu anazopata, na uzi utalegea kwa kadiri ya sehemu moja ya tano ya mvuto wake, lakini D ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Aijaribu wiki hii, kabla ya mkutano, ili tuzungumze juu ya kitu tulichokisikia.

Jambo moja zaidi, nalo hakuna aliyelitaja. Uzi wa E hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Uzi wa B hutetemeka mara 31. Spika yetu ni moja, ya inchi 12, na kona yake moja imeshonwa kwa uzi wa viatu. Sauti ya chini kiasi hicho haitoki humo kwa ukamilifu. Mtasikia kivuli chake tu, na mkifungua sauti mpaka mwisho, spika itachanika. Hata tukinunua besi ya nyuzi tano ya dhahabu, kwa spika hiyo tutakuwa tumenunua uzi wa kutazama. Kwa hiyo tunapendekeza mkutano upitishe fedha za seti moja ya nyuzi na kazi ndogo ya fundi, na zitakazobaki katika ombi la vijana ziwekwe kwa ajili ya spika ya inchi 15 na sanduku lake, ambalo seremala wetu anaweza kulitengeneza hapa hapa kijijini akipewa vipimo.

Tukumbuke gitaa hili lilinunuliwa kwa makato ya mazao ya kila mwanachama, na sehemu ya kila harusi inarudi mfukoni mwa ushirika. Ni besi moja tu tuliyo nayo. Kichwa kikipasuka mezani kwa fundi, harusi za baada ya mavuno zitapigwa na bendi ya kijiji cha jirani, na fedha zitavuka mto pamoja nayo.

Gitaa lipo ofisini kwa katibu mpaka siku ya mkutano. Rula ipo juu ya kabati. Asiyeamini hizo milimita tisa aje aweke kidole.